Kopo la Breki na Magadi ya Mama Mkwe

Nyumba yetu ya Endamarariek ina vitu viwili visivyosemwa vibaya mbele ya mama mkwe: shamba la mbaazi lililo nyuma ya zizi, na Land Rover 109 aliyoiacha marehemu baba mkwe. Faida ya shamba inajulikana. Land Rover nayo imebeba magunia ya mahindi na ngano, imebeba madawati ya shule, imewawahisha wajawazito hospitalini Karatu usiku wa mvua, na imewasindikiza makaburini wazee wengi wa hapa, baba mkwe mwenyewe akiwemo. Hata mimi niliingia katika ukoo huu nikiwa bibi harusi kwenye kiti chake cha mbele, shela likiwa limejaa vumbi jekundu. Ikiugua, nyumba nzima hubadilisha ratiba.

Ni Series IIA ya miaka ya 60. Watu wa huku wanazifahamu Land Rover kuliko wanavyofahamu gari jingine lolote, na karibu kila mmoja atakwambia kwamba hazishiki kutu. Maneno hayo yana ukweli wake. Zilipoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948, chuma kilikuwa adimu kwa sababu ya vita iliyokuwa imemalizika, na aluminiamu ilipatikana kwa urahisi zaidi. Ndipo wakaamua mwili wa gari uwe wa aluminiamu. Milango na mabawa ya gari letu yamepondeka, yamekwaruzwa na miiba, lakini kutu hayana. Tatizo ni kwamba sifa hiyo ya mwili wa nje imewafanya wenye magari haya wasahau vilivyo ndani. Chasisi ni chuma. Mabomba ya breki ni chuma. Na chini ya boneti kuna kopo dogo la chuma, linaloshikika kwa mkono mmoja, lenye vyumba viwili: kimoja cha breki na kingine cha klachi. Humo ndimo hukaa mafuta yanayokusimamisha ukiwa unateremka mlima na magunia ishirini nyuma yako.

Kopo hilo lilikuwa halijachunguzwa tangu msiba wa mzee. Liliongezewa tu. Mume wangu alikuwa akifungua kifuniko, anachungulia, anamimina kidogo, anafunga. Basi.

Oktoba 2024 Arusha ilipofanya Tamasha la Land Rover, mume wangu aliangalia picha za msafara wa magari hayo kwenye simu mpaka usiku wa manane. Aliona magari ya umri wa letu yamesafishwa, yamepakwa rangi, yanatembea. Asubuhi alimwamkia mama yake, akamwambia, "Mama, gari la mzee halitafia mikononi mwangu." Mama mkwe akamjibu kwamba mzee hakuwa akiongea na gari, alikuwa akilifungua. Alimaanisha boneti.

Haikufunguliwa. Kilimo kilianza, ikafuata palizi, kisha mvua za masika.

Mwaka uliofuata binti yetu wa pili alikuwa apokee kipaimara. Ibada ilikuwa Karatu mjini, askofu anakuja, na ndugu wa pande zote mbili walishapewa taarifa. Jana yake jioni mume wangu alikanyaga breki uani akaona pedali inazama. Akamwita mdogo wake. Shemeji yangu huyu ana trekta kuukuu la Massey Ferguson analolimia mashamba ya watu kwa malipo, na ni mtu asiyependa kuona jambo limekwama. Walifungua kifuniko, mafuta yalikuwa yameshuka sana. Duka la vipuri lililo karibu lilikuwa limeshafungwa. Shemeji akaenda kwenye banda lake, akarudi na kidumu cha mafuta ya haidroliki ya trekta, akajaza kopo mpaka juu. "Mafuta ni mafuta," alisema. "Hata trekta linainua jembe kwa haya haya."

Mimi nilikuwa ndani nasokota nywele za binti. Nilisikia habari hiyo asubuhi tukiwa tumeshapanda.

Tulitoka vizuri. Mama mkwe alikaa mbele amepakata sufuria la pilau lililofungwa kwa kitambaa, kwa sababu hakumwamini mtu mwingine kulishika. Watoto na shangazi zao walikuwa nyuma wakiimba. Tulipokuwa tumeshatembea sehemu kubwa ya njia, gari likaanza kuwa zito. Mume wangu akabadilisha gia kwenda chini. Likaendelea kuwa zito. Harufu ya kuungua ikaingia ndani, watoto wakanyamaza, na kwenye kilima kifupi gari likagoma kabisa. Magurudumu yalikuwa yamejifunga. Niliposhuka nikasogeza mkono karibu na ngoma ya breki ya mbele, joto lilinirudisha nyuma kabla sijaigusa.

Binti alipandishwa bodaboda na shangazi yake, gauni jeupe limekunjwa na kufunikwa kwa kanga. Walifika askofu akiwa ameshaanza mahubiri, na alipokea kipaimara chake. Sisi tuliobaki tulipiga simu kwa fundi mmoja wa Karatu, mtu mzima ambaye amezishughulikia gari hizi tangu alipokuwa tandiboi. Alikuja na spana mbili tu mfukoni. Hakufungua kopo kwanza. Aliingia chini ya gari, akalegeza nipeli ya kutolea upepo kwenye gurudumu la mbele. Mafuta yakaruka kwa nguvu, gurudumu likaachia. Akafanya hivyo kwa yote manne. Kisha akasimama, akafungua kifuniko cha kopo, akachovya kidole, akakisugua kwa kidole gumba na kunusa.

"Nani kaweka mafuta ya trekta humu?"

Shemeji alikuja mwenyewe na trekta lile lile kutuvuta kurudi nyumbani. Mama mkwe aligoma kushuka. Alivutwa akiwa kwenye kiti chake na pilau lake. Tulikula jioni, baridi, wageni wote wakiwepo, na hakuna aliyelalamika.

Fundi alitufungulia masta silinda, pampu inayosukumwa na pedali ya breki, uani kwetu siku iliyofuata, juu ya gunia safi. Raba za ndani zilikuwa zimevimba. Ile kubwa ilipaswa kuingia kwenye silinda kwa kusukumwa kidogo tu na kidole; sasa ilikuwa pana kuliko tundu ililotoka, na ukiibonyeza kwa kucha inabaki na alama. Alitueleza kilichotokea. Ndani ya masta kuna kitundu kidogo kinachorudisha mafuta kwenye kopo unapoachia pedali. Raba ikivimba hukaa juu ya kitundu hicho. Mafuta yakishasukumwa hayarudi, breki zinabaki zimeshika, ngoma zinapata joto, joto linayatanua mafuta, breki zinashika zaidi. Gari linajifunga lenyewe bila mtu kukanyaga kitu.

Shemeji aliumia sana, na hakuwa na ubishi wa kijinga. Alikuwa amewahi kusikia, na ni kweli, kwamba yapo magari yanayotumia mafuta ya madini, jamii ya yale ya trekta, kwenye breki zake. Citroën ya Ufaransa ni mfano. Gari lao la DS, lililotoka mwaka 1955, lilikuwa na mifumo mingi iliyoendeshwa kwa haidroliki: breki, usukani, hata urefu wake kutoka ardhini. Mafuta yao ya sintetiki ya miaka ya 60 yalikuwa yakifyonza maji kutoka hewani, na maji yakawa yanaleta kutu ndani ya mitambo ya gharama kubwa. Mwaka 1966 wakahamia mafuta ya madini ya rangi ya kijani, yasiyofyonza maji. Lakini walibadilisha raba zote pia, na tangu hapo ukichanganya hayo mawili unaharibu, uanzie upande wowote. Raba za Land Rover yetu ni za mafuta ya breki ya glaikoli. Siyo za mafuta ya trekta, wala ya kupikia, wala ya injini.

Kilichonishika mimi siku ile, hata hivyo, kilikuwa swali jingine. Mafuta ya breki yalikwenda wapi mpaka kopo likapungua? Fundi akalegeza kopo, akalimwaga, akanipa nitazame ndani kwa tochi.

Chini, mahali ambapo mafuta yalikaa siku zote, chuma kilikuwa bado kinang'aa kwa kijivu. Juu, kuanzia pale mafuta yalipokuwa yakiishia, kulikuwa na mkanda wa kutu uliolizunguka kopo lote, kahawia iliyokolea, wenye mstari ulionyooka kwa chini kama alama inayoachwa na chai kwenye kikombe kisichooshwa. Nilipougusa kwa ncha ya kalamu, vipande vyembamba vilibanduka na kuanguka chini. Hapo ndipo nilipoelewa mfululizo wote. Kutu imekuwa ikidondoka kidogo kidogo, inateremka na bomba, inaingia kwenye masta na kwenye silinda za magurudumu, inachana midomo ya raba. Raba zilizochanika zinavuja. Zikivuja, mafuta kwenye kopo yanashuka. Yakishuka, ukuta mwingine wa chuma unabaki wazi, na kutu inapata eneo jipya.

Nafundisha kemia sekondari. Kila mwaka nawawekea wanafunzi misumari kwenye mirija mitatu. Mmoja una maji ya kawaida na hewa. Wa pili una maji yaliyochemshwa kuondoa hewa na kufunikwa kwa tabaka la mafuta ya kupikia. Wa tatu una hewa iliyokaushwa. Baada ya siku chache msumari wa mrija wa kwanza tu ndio unaoshika kutu, na darasa linajua kwamba kutu inahitaji maji na oksijeni pamoja. Kopo letu lilikuwa mrija wa kwanza, limefungwa kwenye gari na kubebeshwa familia yangu.

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda pembeni, anachambua mbaazi. Akauliza maji yameingiaje wakati kopo lina kifuniko. Ni swali zuri kuliko mengi ninayoulizwa darasani. Kifuniko kina kitundu cha kupumulia, nikamwonyesha. Kila mafuta yanaposhuka kwenye kopo, hewa lazima iingie kuchukua nafasi yake. Huku kwetu mchana jua linawaka, hewa ndani ya kopo inatanuka na kutoka. Usiku, hasa Juni na Julai baridi inaposhuka kutoka nyanda za juu za Ngorongoro na ukungu unalala mashambani mpaka saa mbili asubuhi, hewa iliyobaki inasinyaa na kuvuta nyingine yenye unyevu. Unyevu ule unagusa ukuta baridi wa chuma na kugeuka matone.

"Basi zibeni kitundu."

"Tukikiziba, Mama, mafuta hayatashuka vizuri. Gari litakosa breki."

Akafikiri kidogo. "Basi msiachie nafasi ya hewa."

Ndivyo ilivyo, na fundi akaitikia kwa kichwa. Mafuta yakae kwenye alama yake siku zote, si mpaka ukingoni kwa sababu yanatanuka yakipata joto, lakini yasiruhusiwe kushuka. Pale mafuta yanapofika, dawa za kuzuia kutu zilizochanganywa humo hukilinda chuma. Ila mafuta yenyewe nayo huchoka. DOT 3 na DOT 4, madaraja ya mafuta ya breki, zimetengenezwa kwa glaikoli, na glaikoli hufyonza maji. DOT 3 ikiwa mpya na kavu haipaswi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Ikishafyonza maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango hicho hushuka hadi 140. Fikiria unateremka ukingo wa Bonde la Ufa kwenda Mto wa Mbu, ziwa Manyara liko chini yako, mguu uko kwenye breki kona baada ya kona. Mafuta yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unabonyea, na pedali inakwenda mpaka chini bila kushika kitu. Ndiyo maana hubadilishwa yote kila baada ya miaka miwili, hata kama kopo limejaa. Kuongezea siyo kubadilisha.

Fundi alishauri tutafute kopo jingine. Mume wangu akakataa kabla sijafungua mdomo. Kwenye mfuniko kuna alama ya nyundo aliyoiweka baba yake. Nikasema kama ukuta wake bado ni mzima, kutu nitaitoa mimi, na sitatumia msasa, kwa sababu msasa haufiki kwenye pembe za vile vyumba viwili na unaacha chembe.

Nilihitaji magadi.

Magadi ya jikoni kwetu hutoka sokoni, mabonge yenye rangi ya kijivu, na mama mkwe huyatunza kwenye kopo la plastiki juu ya kabati. Bila magadi hapiki makande. Kwa muda mrefu nimekuwa nikimwomba apunguze, kwa ajili ya meno ya watoto. Magadi ya ukanda wetu huwa na floridi, na meno ya kahawia yanaonekana katika kila darasa ninaloingia. Hajawahi kunikatalia kwa maneno. Huitikia, kisha hutia. Sasa nilikuwa namwomba kopo zima kwa ajili ya gari.

Alinitazama. "La nani, la mzee?"

"La mzee, Mama."

Akalishusha mwenyewe.

Kazi yenyewe si ngumu, ila inataka uangalifu. Magadi ni kaboneti ya sodiamu iliyochanganyika na baikaboneti, na ukiyayeyusha kwenye maji yanapitisha umeme. Nilimimina maji ya magadi ndani ya kopo, vyumba vyote viwili, baada ya kuziba matundu ya chini kwa vizibo vya mti. Waya wa hasi wa chaja ya betri ukafungwa kwenye kopo. Waya wa chanya ukafungwa kwenye kipande cha nondo kilichoning'inizwa katikati ya chumba kwa kijiti, kisiguse ukuta wala sakafu. Kikigusa ni shoti. Umeme ukipita, mapovu madogo hupanda kutoka kwenye chuma na kutu hulegea. Mapovu hayo ni hidrojeni, inayowaka, kwa hiyo tulifanyia nje chini ya mparachichi, mbali na jiko la kuni, na watoto walikatazwa kusogea na chochote chenye moto.

Nondo ilikuwa nene kwa chumba cha klachi. Nilikwenda kutafuta msumari mrefu. Niliporudi nilimkuta shemeji, aliyekuwa na hamu kubwa ya kurekebisha alichoharibu, ameshafunga waya wa chanya kwenye upawa wa mama mkwe, ule wa stenlesi unaong'aa, na anakaribia kuutumbukiza. Nilipiga kelele mpaka mbwa akatoka chini ya gari. Si kwa ajili ya upawa, ingawa mama mkwe alidhani hivyo na akanishukuru baadaye. Stenlesi ina kromiamu, na ukiipitishia umeme kwa namna ile kromiamu huyeyuka na kuwa sumu inayosababisha saratani. Maji yanageuka njano, na huwezi kuyamwaga popote ambapo kuku wanakunywa. Chuma cha kawaida ndicho kinachofaa, na chenyewe kitaliwa na kutu. Ndiyo kazi yake.

Jioni umeme ulikatika. Mume wangu akahamishia waya kwenye betri ya sola, na nyumba ikakaa bila taarifa ya habari na bila taa sebuleni. Makande ya siku hiyo yalikuwa yamelowekwa tangu jana yake kwa sababu magadi hayakuwepo, yakachemshwa taratibu, na yakaiva. Mama mkwe alikula kimya. Alipomaliza akasema yamechelewa kuiva lakini maharage yana ladha yake. Kopo la magadi limerudi juu ya kabati tangu siku hiyo, na nimeona linapungua polepole zaidi.

Asubuhi ndani ya kopo kulikuwa na tope jeusi. Lilitoka kwa brashi ya kuoshea chupa. Chini yake chuma kilikuwa cheusi-kijivu, kina vidonda vidogo pale ulipokuwa mkanda wa kutu, na hapo ndipo uamuzi ulipotakiwa. Usiku tulizima taa zote. Mume wangu akaingiza tochi ndani ya kopo, sisi tukalizunguka tukitafuta nuru inayopenya. Hakuna iliyopenya. Mama mkwe akaleta sindano yake ya kushonea magunia, na fundi alipokuja aliitumia kuchokonoa kila kidonda. Kingekuwa kimoja tu kimetoboka au kinabonyea, kopo lingekwenda kwa wauza vyuma chakavu, alama ya nyundo au bila alama. Hilo tulikubaliana kabla ya sindano.

Baada ya hapo ni mbio. Chuma kilichosafishwa namna ile hushika kutu mpya ndani ya dakika chache kikiwa kibichi. Nililiosha kwa maji ya moto mara kadhaa, kwa sababu magadi ya ziwani yana chumvi ndani yake na chumvi ikibaki inaharakisha kutu. Nikalisuuza kwa spiriti ili kufukuza maji, nikalianika juani kwenye bati. Lilipokauka nikamimina mafuta mapya ya breki kidogo, nikalizungusha mpaka kila ukuta ukalowa, nikayamwaga. Shemeji aliuliza kwa nini tusipake rangi ndani yamalizike. Nikamwonyesha bawa la gari, mahali ambapo matone ya mafuta ya breki yalikuwa yameanguka: rangi ilikuwa imekunjamana na kubanduka. Rangi ya ndani ya kopo ingeishia kwenye masta vile vile.

Mabomba yalisafishwa kwa spiriti, si kwa petroli, maana petroli nayo huvimbisha raba. Raba zote zikawa mpya, kuanzia masta mpaka gurudumu la mwisho, za klachi pia. Ndipo ikaja kazi ya kutoa upepo, inayohitaji mtu wa kukaa kwenye pedali. Mume wangu alikuwa chini na mpira wa kuangalizia mapovu, shemeji anaongezea mafuta, fundi ana spana. Mama mkwe akapandisha kanga yake, akapanda kwenye kiti cha dereva ambacho hajakikalia maisha yake yote.

"Kanyaga, Mama!"

"Nimekanyaga."

"Shikilia hapo hapo!"

"Nimeshikilia, fungueni basi, mguu ni wa kizee huu."

"Achia!"

Walizunguka gari lote hivyo, gurudumu la mbali kwanza. Wajukuu walijipanga kwenye ukuta wa zizi wakiitikia kila amri kwa sauti moja. Mwishoni pedali ikawa ngumu juu kabisa, na yeye ndiye aliyelitangaza hilo kabla ya fundi.

Tulipanga masharti baada ya hapo, na nimeyasimamia. Chupa ya mafuta ya breki ikishafunguliwa, kilichobaki hakirudi kwenye rafu kusubiri mwakani, kwa sababu kinafyonza unyevu humo humo chupani. Shemeji aliona ni kutupa mali. Nikamwambia anunue chupa ndogo. Kifuniko hakifunguliwi wakati wa mvua wala asubuhi ya ukungu. Kinafutwa vumbi kwanza, kinafunguliwa mchana mkavu, kinafungwa mara moja. Gari linalala bandani. Mafuta yakishuka hatuongezei kabla ya kutafuta yanakovujia.

Juni hii tulifungua kopo kwa ukaguzi. Ukuta ulikuwa safi. Kwenye mdomo wa kopo, chini ya kifuniko, kulikuwa na unga kidogo wa kahawia upande mmoja. Raba ya kifuniko ilikuwa imepasuka hapo. Ilibadilishwa siku hiyo hiyo.

Mama mkwe, aliyekuwa ameshika tochi, akamgeukia shemeji. "Na tangi la trekta lako, limefunguliwa lini?"

Shemeji alichomoa kijiti cha kupimia mafuta ya haidroliki. Mafuta yalitoka meupe, mazito, maji yameshavurugika humo. Raba inayofunika shina la gia, ambako maji hupenya hadi kwenye mafuta hayo, ilikuwa imechanika, na trekta lilikuwa limenyeshewa masika yote. Mafuta ya madini hayafyonzi maji: yakivurugwa yanakuwa meupe, na yakitulia maji huzama na kukaa chini kabisa, juu ya chuma. Kwa hiyo tuliliacha lilale bila kuwashwa. Asubuhi akalegeza nati ya chini na mama mkwe akaweka ndoo. Maji yalitangulia, yenye rangi ya kutu, kabla ya mafuta kuanza kutoka.

"Yote," mama mkwe alisema. "Yamwage yote, uende ukanunue mapya. Na hiyo raba ya gia."

Shemeji alikuwa ameshawasha pikipiki.